Fimbo Haivuti Upinde

Habari hiyo ilimkuta Docus sokoni Jinja, mikono yake imo ndani ya beseni la mukene. Aliyekuwa akiuza dagaa hao alikuwa amerudi jana tu kutoka upande wa Mbale.

"Mmesikia ya Busiu?" mwuzaji aliuliza. "Mtu amepiga mshale, mshale ukarudi. Umemwuma mwenyewe mkono."

"Mshale unarudije?" Docus aliuliza. "Una miguu?"

Wanawake wakacheka. Mwuzaji hakucheka.

"Mke wake aliiruka mishale," alisema. "Ilikuwa chini, yeye akapita juu yake. Mume alipokwenda kupiga, ukamgeukia. Sasa mke amerudishwa kwao."

Docus aliacha kuchagua. Alifunga mukene wake kwenye karatasi, akashika njia. Uvumi ni uvumi, alijiambia. Lakini huu ulimganda kama kupe. Asubuhi ile ile alikuwa ametoka ndani na karai la maji machafu, mikono miwili imejaa. Mlangoni palikuwa na fungu la mishale lililofungwa kwa ukanda wa mgomba. Hakuwa na mkono wa kuliondoa. Alinyanyua mguu, akaliruka.

Na katika fungu lile mlikuwa na mishale minne ya Lillian, binti yake.

Docus aliishi na familia yake katika laini, nyumba za safu za kambi ya askari magereza. Yeye alikuwa Msoga, mwanamke mrefu. Mume wake, Gidudu, alikuwa askari, mtu wa Wanale karibu na Mbale. Gidudu alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono mifupi yenye nguvu. Lillian alikuwa na miaka kumi na minane. Alichukua urefu wa mama yake, kisha akaendelea. Majirani walipenda kumtania.

"Lillian, huko juu mvua inakuja?"

"Inakuja," Lillian alijibu kila mara. "Anueni nguo."

Kazi ya Lillian ilikuwa kushona. Alikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka la zamani lililojengwa na Wahindi, katikati ya mji. Miguu inakanyaga, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa. Mkono huo huo wa kushoto ndio ulioshika upinde.

Mchezo wa upinde uliletwa kambini na askari waliotoka kaskazini. Baadaye kila mtu aliupenda, hata wake na mabinti. Kila mwaka watu wa Jinja na watu wa Mbale walishindana. Mwaka ule zamu ya kuwa wenyeji ilikuwa ya Mbale, na Lillian alichaguliwa kuwa mmoja wa wapigaji watano wa Jinja.

Jioni Docus alimkuta Gidudu amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Mkononi alikuwa na kisu. Magotini alikuwa na mshale mmoja na fimbo moja iliyonyooka.

"Hii fimbo ni ya nini, Baba Lillian?"

"Hii ndiyo sheria," Gidudu alisema. Alifurahi kuulizwa. "Mwaka jana watu wa Mbale walilalamika. Walisema mishale yetu ni mirefu, eti inaanza safari ikiwa imeshakaribia shabaha. Sasa mimi nimekata fimbo moja. Mishale yote imekatwa sawa na fimbo hii. Ya Jinja, ya Mbale, ya mrefu, ya mfupi. Nimewapelekea na wao fimbo ya namna hii. Nani atagombana tena?"

"Na fimbo yenyewe uliipima kwa nani?"

"Kwangu. Mimi si ndiye mwenyekiti wa mchezo?"

Docus alitazama mikono ya mume wake. Alitaka kusema kitu. Lakini alikumbuka karai na mlango, akageukia jingine.

"Lillian amekwisha kuijaribu?" aliuliza.

"Bado. Mipya haipigwi mpaka siku yenyewe. Huko mazoezini anatumia ile ya zamani ya Romano."

Romano alikuwa askari mrefu kuliko wote kambini.  Docus alichukua fungu la mishale mlangoni, akalipandisha juu ya kabati.

Siku mbili hakula vizuri. Lillian aliposhona, Docus aliutazama mkono wake wa kushoto. Lillian alipokata mboga, aliutazama tena.

"Mama, mbona unanitazama mkono? Nimeiba nini?"

"Hujaiba. Kata mboga."

Siku ya tatu alikwenda bombani kuteka maji. Alimkuta Maximilla, mke wa Romano, amekalia jerikani yake kwenye foleni. Maximilla alitoka upande wa Arua. Baba yake alikuwa fundi wa mishale. Docus alikaa karibu naye, akamweleza yote kwa sauti ndogo: Busiu, mshale, mke aliyerudishwa kwao, na karai lake mwenyewe.

Maximilla alicheka mpaka jerikani ikalia chini yake.

"Mama Lillian, sisi tulizaliwa wasichana sita. Nyumba moja na mishale, chumba kimoja. Tuliiruka, tuliikalia, mdogo wetu aliikojolea. Baba amekufa mzee, na vidole vyake kumi."

"Kwa hiyo ule wa Busiu haukurudi?"

"Mkono uliumia, hiyo naamini," Maximilla alisema. Sasa hakucheka tena. "Mkono unaumia kwa sababu. Mishale ya Lillian nani alimpimia?"

"Fimbo."

"Fimbo?"

"Baba Lillian amekata fimbo moja, wote wapimwe kwa hiyo. Ili wawe sawa."

 Foleni ilisogea, lakini Maximilla hakusogeza jerikani yake.

"Fimbo haivuti upinde," alisema mwishowe. "Anayevuta ni mtu. Wewe si unakwenda Mbale kesho kumsaidia mama mkwe wako kupokea wageni? Basi Busiu iko njiani. Shuka pale. Usimwulize yule mtu habari za mke wake. Mwulize mshale ulikuwa na urefu gani. Mimi nitakuja Jumamosi na lori la timu."

Kesho yake Docus alipanda teksi ya Tororo, kisha nyingine iliyokuwa ikienda Mbale. Alishuka Busiu kwenye maduka. Mwenye baiskeli ya boda boda hakuhitaji kuelezwa sana.

"Mtu wa mshale? Yekosofati. Panda, mama."

Yekosofati alikuwa uani, anageuza mahindi juani kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano. Uani hapakuwa na mwanamke wala moshi.

"Mulembe," alisalimu. "Kama umekuja kuona mkono, wengine wamekwisha kuuona."

"Mulembe. Nimekuja kuona mshale," Docus alisema. "Nina binti. Atapiga Jumamosi."

Yekosofati alimtazama kidogo. Kisha aliingia ndani, akatoka na mshale. Docus aliupokea. Ulikuwa mfupi. Aliona mahali ambapo uti ulikuwa umekatwa na ncha ya chuma kufungwa upya.

"Uliukata wewe?"

"Ndiyo. Ulikuwa mzuri huo. Siku moja uligonga jiwe, ukapasuka mbele. Nikaona, kwa nini nitupe? Nikakata kipande kama upana wa kiganja, nikafunga ncha tena." Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Siku ile nililenga ngedere aliyekuwa kwenye mahindi. Nikavuta kama nilivyozoea. Sasa tazama."

Aliuchukua mshale, akaunyoosha mkono wa kushoto kama ameshika upinde. Kwa mkono wa kulia aliurudisha mshale nyuma, polepole. Ncha ilitoka mbele ya ngumi, ikapita juu ya kidole gumba, ikarudi mpaka ndani, juu ya kifundo cha mkono.

"Unaona ilipofika? Mimi sikuiona. Macho yalikuwa kwa ngedere. Nikaachia."

Docus aliinama, akaitazama ncha pale ilipofika.

"Kwa hiyo haukurudi," alisema.

"Haukwenda popote, mama. Uliingia hapa hapa kwangu. Vidole viwili havikunji tena."

"Na mke wako?"

Alikuwa ameambiwa asiulize hilo. Lilimtoka. Yekosofati alitazama mahindi yake.

"Mama yangu alisema Topista aliiruka mishale. Mimi nilikuwa na maumivu. Niliona aibu kusema nilikata mwenyewe. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomfungia mizigo."

 Kuku alikuja kudonoa mahindi, na hakuna aliyemfukuza.

"Niazime mshale huu," Docus alisema. "Nitaurudisha Jumapili."

"Chukua. Waonyeshe. Waambie niliukata mimi."

Jumamosi asubuhi Docus alitoka Wanale kwa miguu, mshale ule umefungwa ndani ya leso. Alipofika uwanjani Mbale, lori la Jinja lilikuwa limekwisha kushusha watu. Magunia ya pumba yalisimama mwisho wa uwanja kama shabaha. Wapigaji walikuwa wakijipanga. Lillian alikuwa wa tatu, upinde mkononi, mshale mpya kwenye vidole.

Docus hakupita mbele yao. Alizunguka kwa nyuma, akaenda moja kwa moja kwa Gidudu.

"Baba Lillian, simamisha."

"Nisimamishe nini? Watu wako tayari."

"Simamisha. Nina neno."

Gidudu aliinua mkono. Wapigaji wakateremsha pinde zao. Watu walisogea. Docus aliona macho mengi. Lakini alisema.

"Kuna uvumi wa Busiu, wote mmeusikia. Basi mimi pia niliiruka mishale hii. Mlangoni kwangu, nikiwa na karai. Nasema leo ili mtu akiumia kesho, msianze kutafuta nani aliruka."

Mnong'ono ulipita kati ya watu. Uso wa Gidudu ulikunjamana.

"Mama Lillian, umetoka Wanale kuja kuniaibisha?"

"Nilipitia Busiu," Docus alisema. Alifungua leso. "Huu ndio mshale uliomwuma mtu. Mwenyewe amesema nije kuwaambia aliukata yeye. Ulikuwa mfupi kwa mkono wake. Sasa naomba ya Lillian ipimwe. Ikimtosha, nitakwenda kupika na sitasema tena."

"Imekwisha kupimwa. Yote ni sawa na fimbo."

Maximilla alikuwa ameshuka kutoka kwenye lori na sufuria mkononi. Aliiweka chini.

"Afande, samahani. Buti lako ni namba ngapi?"

Gidudu alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Saba."

"Na la Romano wangu?"

"Kumi na moja," Romano alijibu kutoka kwenye mstari.

"Mbona stoo haiwapi wote namba saba, ili muwe sawa?"

Mtu mmoja wa Mbale alianza kucheka, kisha askari wengine. Romano alitazama miguu yake. Gidudu hakucheka, lakini alikuna kidevu.

"Haya," alisema. "Pima. Tuone."

Maximilla aliomba upinde laini wa kujifunzia, ule usio na nguvu. Kisha alichukua uti mrefu wa tete ambao haukuwa na ncha na haukukatwa. Alimsimamisha Lillian akitazama magunia. Mbele yake hapakuwa na mtu. Yeye mwenyewe alisimama ubavuni.

"Vuta polepole, mwanangu. Usinyooshe shingo, usijikaze. Vuta mpaka mkono ufike pembeni mwa mdomo, pale unapofikisha kila siku. Shikilia. Usiachie."

Lillian alivuta. Maximilla alichukua kipande cha mkaa, akaweka alama kwenye tete, pale lilipotokeza mbele ya upinde.

"Sasa rudisha kamba taratibu. Usiiachie ikaruka. Vizuri."

Alilaza tete kwenye nyasi. Kutoka kwenye alama ya mkaa aliongeza upana wa vidole vitatu, akaweka alama ya pili.

"Hapa ndipo tunapokata," aliwaambia watu. "Vidole hivi vitatu ni vya usalama. Mtu akisisimka siku ya mashindano, anavuta zaidi kuliko alivyozoea. Na anayeanza kujifunza, mwongezee hata vinne. Mkono wake bado haujatulia. Leo anavuta hivi, mwezi ujao atavuta zaidi."

"Na ukiwa mrefu mno?" Romano aliuliza.

"Unakuwa mzito, unayumba, hauendi vizuri. Lakini mrefu unakosa shabaha tu. Mfupi unakosa shabaha na kumpata mwenyewe."

Kisha alimwashiria Gidudu alete mshale mpya wa Lillian. Gidudu aliuleta yeye mwenyewe. Aliinama, akaulaza kando ya tete, mwisho kwa mwisho. Hakufika kwenye alama ya pili. Hakufika hata kwenye ya kwanza. Ulipungukiwa na vidole vinne.

Gidudu aliweka vidole vyake vinne pale kwenye pengo. Alivitazama. Kisha alitazama mkono wa kushoto wa binti yake, ule wa kuongoza kitambaa. Lillian naye alikuwa akiutazama. Alikuwa amefunika kidole gumba kwa mkono wa pili.

"Baba," alisema polepole, "nilikuwa wa tatu kwenye mstari."

"Najua," Gidudu alisema.

Alisimama. Alichukua fimbo yake kwapani, akaikata vipande viwili kwa panga. Watu walidhani amekasirika. Lakini alikwenda kwenye mstari, akachomeka kipande kimoja upande huu na kingine upande ule.

"Mstari wa kusimama uwe mmoja," alisema. "Umbali upimwe kutoka miguuni, si kutoka kwenye ncha ya mshale. Hivyo hakuna atakayemdhulumu mwenzake. Lakini mshale, kila mtu na wake."

Kiongozi wa Mbale alikubali wangoje mpaka mchana. Na yeye alikuwa na watu wawili warefu, na mishale yao ilikuwa imekatwa kwa fimbo ile ile. Vijana na wazee wakaketi chini kwenye nyasi. Wapigaji wote kumi walipimwa mmoja mmoja, Maximilla ubavuni na mkaa wake. Warefu walikatiwa mishale mipya kutoka kwenye matete marefu ya akiba. Mishale iliyokuwa mifupi kwa warefu haikutupwa yote. Ile mizima walipewa wafupi ambao iliwatosha. Iliyokuwa na ufa ilipelekwa chini ya sufuria ya wali.

Mashindano yalianza saa tisa. Lillian alivuta, ncha ikabaki mbele ya upinde, mbali na ngumi yake. Docus alifumba macho. Aliposikia gunia limelia pu, aliyafumbua. Mkono wa binti yake ulikuwa bado umenyooka, mzima, na Lillian alikuwa akimtafuta mama yake kwa macho.

Siku ile Mbale walishinda. Jinja walishindwa kwa alama mbili, na Lillian alikuwa wa nne. Kwenye lori watu walinuna kidogo. Gidudu aligonga bodi kwa ngumi.

"Tulikuja wapigaji watano, mikono kumi," alisema. "Hesabuni. Tunarudi na mikono kumi. Mwenye kulia alie."

Docus alilala kwa mama mkwe wake Wanale, na Jumapili, akirudi Jinja, alishuka Busiu kuurudisha mshale. Yekosofati alikuwa amevaa shati safi na viatu. Mbele yake kulikuwa na kuku aliyefungwa miguu.

"Nakwenda kwa kina Topista," alisema. "Nitasema mbele ya baba yake kwamba niliukata mimi. Unadhani atarudi?"

"Sijui," Docus alijibu. "Lakini nenda na mshale. Uweke mikononi mwa Topista auone."

Topista hakurudi siku ile. Alirudi baada ya wiki tatu, na kabla ya kuingia ndani alimtaka Yekosofati amweleze na mama yake, yule aliyemsingizia. Akaeleza.

Huko Jinja, Lillian alishona mifuko mitano ya kitambaa cha khaki, kila mmoja na jina la mwenye mishale. Fungu halilali tena mlangoni. Na siku moja sokoni, mwuza mukene alipoanza tena habari ya mshale uliorudi, Docus alitoa mikono yake kwenye beseni, akaifuta.

"Sogea," alimwambia. "Nyoosha mkono wako wa kushoto, nikuonyeshe."

Mambo ya kuepuka:

Usitumie mshale uliopimwa kwa mtu mwingine, hata akiwa baba yako.

Usipime mishale ya watu wengi kwa fimbo moja.

Usiukate mshale uliovunjika ncha ukaupiga tena bila kuupima upya.

Usikate mshale kwenye alama yenyewe. Acha vidole vitatu mbele ya upinde. Kwa anayejifunza, acha vinne.

Usipime kwa upinde mgumu, wala kwa mshale wenye ncha. Tumia upinde laini na tete lisilo na ncha.

Unapopimwa usiachie kamba. Irudishe taratibu.

Anayekupimia asisimame mbele yako. Mahali pake ni ubavuni.

Usimwache kijana anayekua atumie mishale ya mwaka jana. Mikono yake imerefuka.

Usiupige mshale wenye ufa. Ukunje kidogo kwa mikono, usikilize. Ukilia, ni kuni.

Usiweke mishale mlangoni. Si kwa sababu ya kurukwa. Ni kwa sababu ina ncha, na nyumbani kuna watoto.

Na mtu akiumia, usitafute mwanamke aliyeruka. Pima mshale.